Nani Aliwaita Hasidi na Mwivu? Majina, Majazi na Wazazi wa Dzaleka

Kila mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hufundishwa mapema mbinu iitwayo majazi. Mwandishi akimpa mhusika jina linalolingana na tabia zake, hilo ni jina la kimajazi. Katika mtihani swali hilo hupendwa sana kwa sababu ni rahisi: unaandika jina, unaandika maana ya jina, unaandika tabia ya mhusika, kisha unahesabu alama zako. Katika Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert cha mwaka 1951, Karama ana karama na Majivuno ana majivuno. Wajumbe waliotumwa kwenda kutafuta mema nje ya nchi wanaitwa Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, na hakuna hata mmoja ambaye jina lake linamsuta.

Sisemi kwamba mbinu hii ni ya uongo. Ninachosema ni kwamba imetuzoesha kusoma majina kwa njia moja tu. Tunatoka kwenye jina kwenda kwa mwenye jina, na tukifika hapo tunafunga daftari. Yupo mtu mmoja ambaye hatumuulizi kitu, naye ni mzazi. Jina halianzi na mtoto. Huanza na mtu aliyelitamka kwa mara ya kwanza, aliyekuwa na sababu zake siku hiyo na ambaye pengine baadaye alitamani angetamka jingine. Katika makala haya nataka kumrudisha mzazi ndani ya uhakiki. Nitasoma vitabu viwili vya Shaaban Robert na kimoja cha Euphrase Kezilahabi, na nitavisoma nikiwa mahali ninapopajua: kambi ya Dzaleka katika wilaya ya Dowa, ambako nimekulia, na mtaa wa Nsungwi, Area 25, Lilongwe, ambako dada yangu ameolewa.

Tuanze na kitabu ambacho majazi yake hayana aibu kabisa. Katika Adili na Nduguze, ndugu watatu wa tumbo moja wanaitwa Adili, Hasidi na Mwivu. Adili ni mwadilifu. Hasidi ana husuda, na Mwivu ana wivu. Wawili hawa wanamtendea ndugu yao ubaya mkubwa, wanageuzwa manyani, na Adili analazimika kuwapiga kila usiku ingawa moyo wake hautaki. Mwishoni wanasamehewa na kurudishiwa umbo la binadamu. Tumefundishwa kusifu jinsi majina yanavyosaidia maudhui. Sawa. Lakini hebu tuulize swali ambalo bibi yeyote wa kijijini angeliuliza kabla ya swali jingine lolote: ni mzazi gani huyo aliyetazama vichanga viwili visivyo na hatia, kimoja akakiita Hasidi na kingine Mwivu? Na baada ya kumwita mmoja wa ndugu zao Adili, alitegemea nini?

Mtu atanijibu kwamba hadithi ile ni ya kubuni na aliyewaita hivyo ni mwandishi, si baba yao. Hilo ndilo hasa ninalotaka tulione. Katika majazi mwandishi anakaa kwenye kiti cha mzazi, lakini anajua jambo ambalo mzazi halijui: anajua mwisho. Shaaban Robert alipoandika jina la Hasidi, alikwisha kuona ubaya ambao Hasidi angeutenda. Mzazi hana uwezo huo. Yeye hutoa jina gizani, mtoto akiwa bado hajafanya lolote isipokuwa kulia. Kwa hiyo tunapochukua mazoea ya majazi na kuyapeleka kwa watu walio hai, tunageuza jina kuwa hukumu iliyotolewa kabla ya kesi. Hata msamaha haulifuti. Ndugu wale wawili wamerudi kuwa watu, lakini msomaji anaendelea kuwaita Hasidi na Mwivu mpaka ukurasa wa mwisho, kana kwamba toba yao haikuwahusu wao wenyewe.

Sasa twende Dzaleka. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, Burundi na Rwanda. Iko kama kilomita 45 kutoka Lilongwe. Ilikusudiwa watu elfu kumi na kitu, na leo ina zaidi ya 50,000. Ukikaa karibu na bomba la maji asubuhi utasikia majina ya nchi zote hizi yakiitwa kwa pamoja, na utagundua kwamba karibu yote yana maana ambayo mwenye jina hakuichagua.

Yako majina yanayohesabu. Kwa Wanande wa Kivu ya Kaskazini mtoto wa kiume wa pili ni Kambale, wa tatu ni Kasereka, wa nne ni Kakule. Kwa Warundi mtoto wa saba anaweza kuitwa Nyandwi na wa nane Minani. Pacha mkubwa ni Bukuru na mdogo ni Butoyi. Hapa mzazi hana kazi kubwa, kwa sababu mpangilio wa uzazi umekwisha kumchagulia. Yako majina ya dua na shukrani: Neema, Baraka, Asifiwe, Riziki, Zawadi. Yako majina yanayosema na majirani. Burundi ina utamaduni mrefu wa majina ambayo ni sentensi kamili, nayo hayasemi na mtoto hata kidogo. Baranyanka, jina la mtemi mmoja mashuhuri wa wakati wa ukoloni, maana yake ni «wananichukia». Mtoto mchanga hachukiwi na mtu. Anayelalamika pale ni mkubwa aliyetoa jina, naye analalamika kwa watu wazima wenzake, kila mtoto anapoitwa kwa sauti uani.

Halafu yako majina ya njiani: Safari, Shida, Tabu, Machozi, Mateso, Vumilia. Haya ndiyo yanayonihusu zaidi, kwa sababu ndiyo ambayo wazazi huyafikiria tena. Mhakiki wa majazi akimkuta mtu aitwaye Mateso atatafuta mateso katika maisha ya Mateso. Lakini ukimuuliza mama mwenyewe, jina hilo halikuwahi kumhusu mtoto. Lilihusu wiki ile aliyozaliwa. Ni tarehe, isipokuwa imeandikwa kwa neno badala ya tarakimu.

Kinachofuata kinajulikana na kila mtu aliyelelewa kwetu, lakini sijakiona katika vitabu vyetu vya uhakiki. Desturi yetu humwita mzazi kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mwanamke aliyemzaa Furaha huwa Mama Furaha kuanzia siku hiyo, na jina lake mwenyewe hubaki kwenye karatasi tu. Kwa hiyo jina ulilompa mtoto hukurudia. Mama aliyemwita mwanawe Mateso atakuwa Mama Mateso sokoni, kanisani, kwenye foleni ya chakula na msibani, miaka 20 baada ya wiki ile kupita. Mama mmoja wa kanisani kwetu aliwahi kunieleza kwamba alipomwita mwanawe hivyo alikuwa anamweleza Mungu hali yake, wala hakufikiri kwamba majirani ndio watakaomkumbusha hali hiyo kila wanapomwomba chumvi. Kijana mwenyewe hana shida na jina lake. Anacheza mpira vizuri, na uwanjani hushangiliwa kwalo. Anayelijutia ni mama.

Hapo ndipo nadharia ya majazi inaposhindwa kabisa. Tumeambiwa kwamba jina humweleza anayeitwa. Hapa jina linamweleza aliyeita, kisha linageuka na kumwita yeye. Mtoto yuko katikati kama mjumbe aliyepewa barua iliyofungwa.

Wamalawi hawana haja ya kuelezwa jambo hili. Chichewa na Kiswahili ni lugha ndugu, na zina majina yanayofanana kama mapacha. Sisi tuna Machozi, wao wana Misozi. Sisi tuna Shida na Tabu, wao wana Mavuto. Sisi tuna Bahati, wao wana Mwayi. Furaha kwao ni Chimwemwe, Neema ni Chisomo, Zawadi ni Mphatso. Mmoja wa wapigania uhuru wakubwa wa nchi hii alikuwa Henry Masauko Chipembere, na masauko ni mateso. Hakuna Mmalawi anayesoma habari zake akidhani kwamba wazazi wake walitabiri uhamisho wake. Wanajua kwamba palikuwa na taabu nyumbani siku alipozaliwa, basi. Wasomaji hawa wanatoa tafsiri bora kuliko ile tunayopewa alama darasani.

Kitabu kinachotusaidia kutoka katika majazi, ingawa mara nyingi tunakisoma kwa majazi, ni Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1971. Ni riwaya yake ya kwanza, inaanzia Ukerewe alikozaliwa, na kwa muda ilipigwa marufuku shuleni. Jina la mhusika mkuu limetoka katika litania ya Bikira Maria. Huwezi kumpa binti Mkatoliki jina lililo juu zaidi ya hilo. Nasi tunajua yanayompata: baba mlevi na mkali anayemchunga kwa kipigo, shule inayomfungia, kisha uhuru anaoupata ghafla bila kufundishwa kuutumia, wanaume wanaomtumia, na hatimaye kujiua kwake.

Uhakiki wa kawaida unasema kwamba jina hili ni kejeli. Rosa ameitwa kwa jina la usafi, lakini hakuwa msafi. Kwa hiyo mwandishi anatuchekesha kwa uchungu. Tafsiri hiyo sikubaliani nayo, kwa sababu ni majazi yaliyogeuzwa kichwa chini. Msomaji wa kejeli bado anaamini kwamba jina lilikuwa ahadi ya Rosa, na kwamba Rosa ndiye aliyeivunja. Lakini Rosa hakuahidi kitu. Jina lilikuwa neno la wazazi, na kama kuna ahadi ndani yake, ni ahadi yao. Ukimwita binti yako waridi, wewe ndiye mwenye deni la kumwagilia maji. Zakaria, baba yake, anamtwisha mtoto utakatifu wa jina, kisha anausimamia kwa fimbo. Ulevi wake mwenyewe hauhesabiki. Nikiisoma riwaya kwa jicho hili, jina la Rosa Mistika halimsuti Rosa. Linamsuta kila mkubwa aliyelitamka kisha akamwacha. Nadhani ndiyo maana riwaya ile iliwaudhi wakubwa kiasi kile. Ingekuwa hadithi ya msichana mbaya tu mwenye jina zuri, ingepita shuleni kama onyo.

Ushahidi mkubwa zaidi dhidi ya majazi, hata hivyo, umetoka kwa Shaaban Robert mwenyewe. Mtu aliyemwandika Hasidi na Mwivu ndiye aliyeandika pia Wasifu wa Siti binti Saad, na huko alikutana na mtu halisi, aliyezaliwa na wazazi halisi. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, katika familia maskini yenye asili ya bara. Kabla ya kuimba aliuza vyungu, akivitembeza kutoka shamba mpaka mjini. Na kabla ya kuitwa Siti, aliitwa Mtumwa.

Tufikiri kidogo maana ya jina hilo mahali pale na wakati ule. Mwaka 1880 utumwa ulikuwa bado halali Unguja. Haukufutwa kisheria mpaka 1897. Mtoto aliyeitwa Mtumwa hakubeba fumbo. Alibeba neno ambalo kila aliyelisikia aliwafahamu watu waliokuwa wakiishi chini yake. Kama majazi ingekuwa sheria ya maisha, habari za msichana huyu zingeishia kwenye jina. Badala yake, mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi nyimbo katika santuri, na sauti yake ikafika katika nyumba ambazo mlangoni mwake asingekaribishwa kwa jina lake la kwanza. Siti maana yake ni bibi, mwanamke wa heshima.

Wengi wanaosimulia habari hii huishia hapo kwa furaha: jina baya limeondoka, jina zuri limeingia. Mimi naona mambo mawili ambayo furaha hiyo inayapita. La kwanza ni kwamba mabadiliko hayakuwa kamili. Nusu ya jina lake haikuguswa. Alikuwa Mtumwa binti Saad, akawa Siti binti Saad. Baba aliyekuwepo siku jina la kwanza lilipotolewa anabaki ndani ya jina la pili mpaka leo, hata kwenye jalada la kitabu. Na Saad kwa asili yake ya Kiarabu ni bahati njema. Neno letu sudi limetoka kwenye mzizi huo huo. Basi tangu mwanzo jina lake lilikuwa na sauti mbili zinazopingana, Mtumwa upande mmoja na bahati upande wa pili, na hakuna ajuaye siku ile ingeshinda ipi.

La pili linahusu neno lenyewe. Mtumwa limetokana na kitenzi tuma: ni mtu anayetumwa. Kitenzi hicho hicho ndicho kilichotupa neno mtume. Lugha yetu ilichukua mzizi mmoja ikatengeneza neno la mtu wa chini kabisa na neno la mtu wa juu kabisa baada ya Mungu. Sisemi kwamba wazazi wa Fumba walikusudia hilo. Nasema kwamba jina huwa na vyumba vingi kuliko kile alichokifungua mzazi, na mtoto anaweza kuingia kwa mlango mwingine. Siti alitumwa kweli, lakini si na bwana. Kumfuta Mtumwa kabisa ili abaki Siti peke yake ni kumnyima safari aliyoifanya, kwa sababu heshima ya jina la pili inapimwa kwa umbali wake kutoka la kwanza.

Najua wapo watakaouliza: basi kubadilisha jina ni kosa? Hapana. Ninachouliza mimi ni nani anayebadilisha. Wakongo tuna mfano wetu. Mwaka 1972 Rais Mobutu, katika siasa yake ya kurudi kwenye uasilia, aliamuru raia waache majina ya Kikristo. Yeye mwenyewe aliacha kuitwa Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko. Kardinali Joseph Malula alipinga, akalazimika kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Kwa siasa ile watu wazima waliamka wakiwa na majina mapya, na mapadri walitishiwa kifungo wakimbatiza mtoto kwa jina la kigeni. Hoja ya Mobutu ilikuwa na ukweli ndani yake, kwamba wakoloni walitufundisha kuona haya majina ya babu zetu. Lakini tazama jina alilolitupa yeye mwenyewe. Désiré ni «aliyetamaniwa». Ni jina ambalo mzazi humpa mtoto aliyemsubiri. Serikali iliona neno la Kifaransa; haikuona mama wala baba nyuma yake. Huo nao ni usomaji mbaya wa jina, na ni usomaji ule ule wa majazi: kutazama neno na kumsahau mtu aliyelisema. Siti alipata jina jipya kwa sauti yake na kwa watu waliomsikiliza. Wakongo wa 1972 walipata majina mapya kwa amri.

Swali hili halijapoa. Mwaka jana dada yangu alijifungua mtoto wa kike Nsungwi. Mume wake ni Mmalawi. Mama yetu alitaka mtoto aitwe Machozi, kama bibi yetu aliyezikwa Fizi, ambaye hakuna kati yetu aliyewahi kufika kwenye kaburi lake. Dada alikataa. Alitaka Chikondi, yaani upendo. Sababu yake haikuwa uzuri wa neno. Mwaka 2023 serikali iliagiza wakimbizi wanaoishi mijini warudi kambini, na watu wengi walijifunza mwaka huo kwamba jina linaweza kukutaja kabla hujafungua mdomo. Dada alimwambia mama kwa upole, kama mtu anavyosema na mzazi wake: «Mama, huyu atasoma hapa, ataitwa darasani hapa. Nisimpe jina la kumwulizia ametoka wapi.» Mama alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema kwamba yeye hakutaka mtoto alie, alitaka bibi asiishe.

Nimelifikiria sana jibu hilo, kwa sababu wote wawili walikuwa wanafanya uhakiki, na walikuwa wanasoma jina moja kwa njia mbili. Dada alilisoma kama watakavyolisoma watu wa nje: neno lenye maana, lenye lugha, lenye nchi. Mama alilisoma kama jina la mtu. Kwake Machozi haikuwa na machozi ndani yake tena. Ilikuwa na mwanamke aliyelima mihogo na kulea wajukuu. Hili nalo majazi hayawezi kulieleza. Jina likiishi ndani ya mtu kwa miaka mingi, maana ya kamusi huchakaa, na tabia ya mtu huingia mahali pake. Shaaban Robert hakuhitaji kulijua hilo, kwa sababu Hasidi hakuwahi kuwa na mjukuu.

Waliafikiana namna ambayo familia nyingi za Dzaleka huafikiana. Kwenye karatasi ameandikwa Chikondi. Nyumbani kwetu kambini, mama anamwita Machozi, na mtoto ameanza kuitikia yote mawili. Wapo watakaosema kwamba huko ni kukwepa uamuzi. Mimi naona ni uamuzi wenye akili kuliko ule wa kuchagua jina moja na kulitetea mpaka kufa. Mzazi anayekubali kwamba jina alilolitoa linaweza kuongezewa jingine amekubali kwamba hajui mwisho wa hadithi. Amekataa kukaa kwenye kiti cha mwandishi wa majazi.

Lakini nisiishie kwa kuwasifu wazazi tu, maana kuna gharama. Watoto wanaoitwa Shida na Mateso huchekwa shuleni, na mtoto anayechekwa hawezi kujibu kwa kueleza historia ya Kivu. Pia, kwa mkimbizi, jina si jambo la nyumbani pekee. Warundi na Wanyarwanda kwa desturi humpa kila mtoto jina lake mwenyewe, lisilo la baba wala la ukoo; Wakongo huandika jina, jina la nyuma na jina la ubatizo. Fomu nyingi za dunia hutaka jina la ukoo, na hushangaa baba na watoto watano wakiwa na majina sita tofauti. Herufi moja ikiandikwa vibaya siku ya kwanza inaweza kumfuata mtu miaka kumi. Mzazi wa Dzaleka anapojutia jina, mara nyingine hajutii maana yake. Anajuta kwamba lilipoandikwa hakuruhusiwa tena kulifikiri upya, ilhali kwa desturi yake kulifikiri upya ni sehemu ya kulea.

Na mahali penyewe tunapoishi pana jina ambalo hatukulichagua. Kabla ya kuwa kambi, Dzaleka ilikuwa gereza, ambako katika utawala wa Hastings Banda walifungwa wapinzani wake wa kisiasa. Jina hilo hutafsiriwa «sitarudia tena». Kwa Chichewa kuleka ni kuacha, kama Warundi wanavyosema kureka. Ni neno la mtu anayeahidi kuacha kosa. Msomaji wa majazi akifika hapa atafurahi: jina la adhabu, watu wanaoadhibika. Lakini watu zaidi ya 50,000 wanaoishi humo hawakutenda kosa la kuliacha. Mwaka 2014 mshairi wa Kikongo anayejulikana kama Menes La Plume alianzisha tamasha la sanaa ndani ya kambi hii, akaliita Tumaini. Tangu hapo Wamalawi na wageni hufunga safari kwenda Dzaleka kusikiliza muziki, jambo ambalo jina la gereza halikuliwazia. Hakuifuta Dzaleka kwenye ramani, kama vile Siti hakumfuta Saad. Aliongeza jina la pili, kwa Kiswahili, pembeni ya lile lililokuwepo.

Ningependa basi walimu wetu waongeze maswali machache kwenye somo la majazi. Baada ya kuuliza jina linamaanisha nini na linalingana vipi na tabia, tuulize pia: ni nani aliyelitoa, alikuwa katika hali gani, alikuwa anasema na nani, na baadaye alijuta au hakujuta? Kwa Karama na Majivuno maswali haya hayatapata majibu mengi, na hilo lenyewe litatuonyesha mpaka wa mbinu ya Shaaban Robert katika hadithi zake za kubuni. Kwa Rosa yatahamisha lawama kutoka kwa binti kwenda kwa waliomwita. Kwa Siti yatatuzuia kusherehekea haraka. Na kwa mwanafunzi anayekaa dawati la nyuma akiitwa Mateso, yatampa nafasi ya kusema kwamba jina lake ni habari ya mama yake, iliyotokea barabarani mwaka fulani, na kwamba habari yake yeye bado inaandikwa.